Mwalimu wa Timu ya Taifa Achaguliwe kwa Kazi, Si kwa Hasira

Kila timu yetu ya taifa inapofungwa, sauti ya kwanza kusikika ni ile inayotaka mwalimu aondolewe. Na ya pili, kabla hata jasho la wachezaji halijakauka, ni ile inayotaja jina la atakayeshika nafasi yake. Hapo ndipo vijiwe vya kahawa hugawanyika. Wako wasemao aletwe mgeni, kwa kuwa mwenyeji hatatiiwa. Na wako wasemao apewe mwenyeji, kwa kuwa mgeni huja kuchuma na kuondoka. Sisi twaona kwamba mabishano hayo, hata yakiendelea miaka mingine ishirini, hayataifikisha timu popote, maana yanaanza na mtu kabla ya kuitambua kazi.

Ugeni na uenyeji tumekwisha kuvijaribu vyote. Tangu Márcio Máximo wa Brazil aliyekuja mwaka 2006 na kukaa miaka minne, timu imepita mikononi mwa Jan Poulsen na Kim Poulsen wa Denmark, Mart Nooij wa Uholanzi, Charles Boniface Mkwasa na Salum Mayanga wa hapa nyumbani, Emmanuel Amunike wa Nigeria, Etienne Ndayiragije wa Burundi, Kim Poulsen kwa mara ya pili, Honour Janza wa Zambia, Adel Amrouche mzaliwa wa Aljeria, Hemed Suleiman Mtanzania mwenzetu, kisha Miguel Gamondi wa Argentina aliyekabidhiwa timu kwa muda mnamo Novemba 2025. Hayo ni mabadiliko yasiyopungua kumi na mawili katika muda usiofika miaka ishirini. Mfanyakazi wa kiwanda anayesoma maneno haya na ajiulize: je, kiwanda chake kingezalisha nini kama msimamizi angebadilishwa kila mwaka mmoja na nusu, na kila msimamizi mpya akaanza kwa kuwaambia watu wasahau walichofundishwa na mwenzake?

Zao lenyewe linajulikana. Tumecheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara nne: mwaka 1980 kule Lagos, mwaka 2019 nchini Misri, kisha mashindano ya 2023 yaliyochezwa Ivory Coast mapema mwaka 2024, na yale ya 2025 nchini Moroko. Katika fainali hizo nne tumecheza michezo 13. Tumetoka sare mitano, tumefungwa minane, na hatujashinda hata mmoja. Magoli tuliyofunga ni tisa. Hatusemi haya ili kuwakatisha tamaa vijana wetu, ambao Januari 2026 walifika hatua ya kumi na sita bora kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, wakafungwa na wenyeji Moroko goli moja tu. Ile ilikuwa siku ya heshima, na wananchi waliona fahari. Lakini hesabu ni hesabu.

Na katika hesabu hiyo limo jambo ambalo twaona limepitwa haraka mno. Mapema mwaka 2024 timu ilipata alama mbili katika kundi lake ikarudi nyumbani. Mashindano yaliyofuata ikapata alama mbili vile vile, ikasonga mbele kwa kuwa matokeo ya makundi mengine yaliifaa. Alama zile mbili za kwanza zilipatikana chini ya Hemed Suleiman, aliyeishika timu katikati ya mashindano baada ya Amrouche kufungiwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika. Huyo huyo ndiye aliyeifungulia timu mlango wa kwenda Moroko, kwa ushindi wa goli moja dhidi ya Guinea pale Dar es Salaam, Novemba 2024. Huyo huyo ndiye aliyeifikisha timu ya wachezaji wa ligi za ndani katika robo fainali ya mashindano ya Agosti 2025 ambayo nchi yetu iliyaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Kweli, njia ya Kombe la Dunia la 2026 ilimshinda. Hata hivyo, mwanzoni mwa Novemba 2025, zikiwa zimebaki wiki saba hivi kabla ya fainali, ilitangazwa kwamba pande mbili zimekubaliana kuachana, na timu akapewa mwalimu aliyekuwa akifundisha klabu ya ligi kuu.

Hatumlaumu Gamondi hata kidogo. Aliitwa akaitika, na kufungwa na Nigeria kwa tofauti ya goli moja si aibu kwa mtu yeyote. Tunalolihofia ni kwamba mafanikio yale yatachukuliwa kuwa ushahidi kwamba kubadilisha mwalimu mlangoni mwa mashindano ni busara. Mtu aliyevuka barabara akiwa amefumba macho asigongwe hana haki ya kuwafundisha wenziwe kuvuka.

Wanaoutetea mtindo huo hupenda kuitaja Ivory Coast, ambayo Januari 2024, baada ya kuchapwa 4–0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwake, iliachana na Mfaransa Jean-Louis Gasset katikati ya mashindano, ikampa timu Emerse Faé, na ikatwaa kombe. Mfano huo ni wa kweli, ila wanausoma nusu. Faé hakuokotwa njiani. Alikuwa msaidizi wa Gasset, amekaa naye benchi moja, anawajua wachezaji kwa majina na kwa tabia, na yeye mwenyewe aliwahi kuivaa jezi ile. Kilichoiokoa Ivory Coast ni kuwa na msaidizi aliyekwisha kuandaliwa, wala si hasira za siku ile.

Senegali nao wana la kutufunza, na twaona lao ni zito zaidi. Mwaka 2015 walimpa timu Aliou Cissé, nahodha wao wa Kombe la Dunia la 2002. Mwaka 2017 akatolewa robo fainali kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2018 akatoka Kombe la Dunia kwa hesabu ya kadi za njano. Mwaka 2019 akafika fainali ya Afrika na kufungwa na Aljeria. Katika kila mmoja wa miaka hiyo wenye mpira wa Senegali walikuwa na sababu ya kumfukuza, na hawakumfukuza. Februari 2022 akawaletea kombe ambalo nchi yao haikupata kulishika tangu uhuru. Sisi Amunike, aliyetupeleka fainali baada ya miaka 39, hakumaliza hata mwaka mmoja.

Basi tunalolidai ni jepesi kusema. Kabla Shirikisho la Mpira wa Miguu halijataja jina la mtu, liandike kazi yenyewe, na liitangaze ili wananchi waisome. Je, mwalimu anaajiriwa kushinda michezo iliyo mbele yake, au kujenga timu ya miaka minne? Kama ni yote mawili, lipi litatangulia siku yakigongana? Atapimwa kwa kipimo gani, na lini? Mkataba usioyajibu maswali hayo humwacha mwalimu ahukumiwe na kelele za jukwaani.

Hali kadhalika mipaka ya kazi hiyo ielezwe kwa uaminifu. Mwalimu wa taifa hukaa na wachezaji siku chache tu kila wanapoitwa, kisha wanarudi kwenye vilabu vyao. Hawezi katika siku hizo kumfundisha mshambuliaji wa miaka ishirini na mitano jinsi ya kuupiga mpira ulio mbele ya lango. Hilo lilipaswa kufanywa alipokuwa na miaka kumi na miwili. Magoli tisa katika michezo 13 ni shitaka dhidi ya viwanja vyetu vya mitaani vilivyojengwa maduka, na ligi za vijana zisizopewa uzito, kabla ya kuwa shitaka dhidi ya mwalimu yeyote. Vilabu vyetu vikubwa navyo vijitazame: vinapojaza wageni katika safu ya mbele, halafu mashabiki wake wakamlaumu mwalimu wa taifa kwa kukosa mfungaji, nani amdanganye nani? Tena mashabiki hao hao, orodha ya wachezaji ikitoka, jambo la kwanza wanalolifanya ni kuhesabu wangapi wametoka Simba na wangapi Yanga.

Liko pia suala la msaidizi. Kila anapoajiriwa mgeni, Mtanzania anayewekwa kando yake awe na kazi iliyoandikwa na mshahara unaolipwa kwa wakati, na akae hata mgeni akiondoka. Ghana walilifahamu hili zamani. Charles Gyamfi aliwapa kombe la Afrika mwaka 1963, akarudia 1965, na walipomrejea mwaka 1982 akalileta tena. Nasi hatukosi watu wa namna hiyo. Jina la Joel Bendera, aliyekuwa miongoni mwa walimu wa timu iliyokwenda Lagos, bado linatajwa kwa heshima na wazee wa mpira.

Septemba 2023 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, ilikabidhiwa uenyeji wa fainali za Afrika za mwaka 2027. Mwenyeji hahitaji kupigania nafasi, naye mwalimu wake hupata muda ambao wenziwe hawaupati. Fedha za kumlipa, kama zilivyokuwa siku za Máximo, aghalabu hutoka katika mfuko wa Serikali, yaani katika kodi ya msomaji wa gazeti hili. Kwa hiyo tunaliomba Shirikisho liwaambie wananchi mapema, kwa maandishi: nani ataiongoza timu hiyo, kwa mkataba unaofika lini, na ni Mtanzania gani atakayekaa naye benchi.