Jiko zuri, lakini zuri kwa nani?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hupendwa sana na wafanyabiashara wetu, lakini mwulize fundi wa jua kali uzuri wa bidhaa yake uko wapi, naye atakujibu, "Hiki ni kigumu, mama," na mazungumzo yaishie hapo. Ugumu ni ubora, ndiyo, ila si ubora wote.

Mnamo 1987, David Garvin, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, aliandika kwamba ubora una sura nane: jinsi kitu kinavyofanya kazi, nyongeza zake, kutoharibika ovyo, kulingana na vipimo, kudumu, urahisi wa kukitengeneza, umbo la kupendeza na sifa iliyo vinywani mwa watu. Mwenye biashara, alisema, hana haja ya kushinda katika zote. Achague zinazomfaa mteja wake.

Tuchukue jiko la makaa lenye udongo ndani, ambalo mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, walikuwa miongoni mwa waliolitengeneza mwanzoni katika miaka ya 1980. Wazo lilitokana na jiko la ndoo la Thailand. Udongo huzuia joto lisipotee ubavuni, hivyo makaa hutumika machache kuliko katika jiko la bati tupu. Lakini udongo ulikuwa ukipasuka, na umbo la ndoo lilikuwa rahisi kupinduka. Ndipo jiko likapewa kiuno chembamba tunachokijua leo na kitako kipana, udongo ukabaki sehemu ya juu tu. Hata lingeokoa makaa kiasi gani, mama mwenye mtoto anayetambaa angeliogopa jiko la kupinduka.

Sasa tazama wanunuzi. Mama auzaye chai na chapati kando ya barabara huwasha jiko kabla ya alfajiri na kulizima jioni. Anataka bati nene na miguu imara, kwani siku jiko linapoharibika hana mauzo. Rangi haimhusu. Yule wa chumba kimoja, anunuaye makaa kwa mkebe, anataka jiko dogo, jepesi kubeba, lenye kula makaa kidogo. (Naye tafadhali asilale nalo ndani, maana hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu, na huua.) Kisha kuna nyumba yenye gesi, ambamo jiko hutolewa siku ya githeri au nyama choma. Huyo atalipa zaidi apate mshikio mzuri na kisahani cha kukinga jivu.

Wanunuzi watatu, majiko matatu. Kumbe mafundi wengi huuza jiko lile lile kwa saizi tofauti, kisha hushindana kwa bei. Ili bei ishuke, bati hupunguzwa unene, na jiko hutoboka mapema. Mteja hamlaumu aliyebana bei. Humlaumu fundi.

Huduma nayo ni sehemu ya bidhaa. Udongo hupasuka siku moja, bati likiwa bado zima, na fundi abadilishaye udongo kwa bei nafuu hampotezi mteja. Mwuza chapati aazimwe jiko jingine wakati lake likitengenezwa, kwani kwake huduma maana yake ni kutokosa hata asubuhi moja. Lakini kwa kawaida mfinyanzi si yule mfua bati. Wasipokubaliana vipimo, udongo mpya utachezacheza ndani na sementi itaachia. Kwa hiyo anayetaka kuahidi matengenezo aanze na kijiti cha kipimo, kimoja kwake na kingine kwa mfinyanzi.

Kuhusu sifa, mnunuzi hawezi kuona kama udongo ulichomwa ukaiva. Wajuao huugonga kwa kidole na kusikiliza kama unalia. Fundi na amwonyeshe mteja namna hiyo, kisha apige alama yake kwenye bati ili lawama na shukrani zijue njia ya kurudi.

Mwenye mtaji mdogo hawezi kuanza na majiko matatu kwa pamoja. Ningemshauri aanze na la mwuza chapati, kwa sababu hilo huonwa na kila anayesimama kunywa chai.