Usiniite Talanta, Nilipe

Leo sina stepu ya kuwaonyesha. Leo nina hasira, na nimekaa nayo karibu mwezi mzima, kwa hivyo wacha niitoe hapa kabla haijaniletea vidonda vya tumbo.

Kuna neno nataka tulizike. Neno lenyewe ni talanta.

Kabla hujasema nimepotea, sikiza kwanza. Mwezi uliopita kundi letu la hip hop, watu saba, tuliitwa kucheza kwenye sherehe moja si mbali na hapa Sigalagala. Ya nani, sitasema, maana bado tunaishi na hao watu. Tuliambiwa tufike saa nne asubuhi, tukafika saa nne. Tulipanda jukwaani saa tisa na nusu, baada ya hotuba ambazo niliacha kuzihesabu, na baada ya mvua. Mvua ya Kakamega unaijua, alasiri haikosi miadi. Jukwaa lilikuwa mbao zilizofunikwa turubai, na turubai lilikuwa chapachapa. Tukaomba walau lipanguzwe. Emsii akashika maiki: "Hawa vijana wana talanta, hawahitaji jukwaa! Wapigieni makofi!"

Dakika ya tatu mwenzetu akaruka, akatua vibaya, kifundo cha mguu kikateguka. Watu walidhani ni stepu. Walishangilia sana. Tukamaliza tukiwa sita, yeye ameketi pembeni akitabasamu, kwa sababu tumefunzwa kwamba uchungu hauonyeshwi mbele ya watu.

Malipo yalikuwa soda tano na mikate miwili. Sisi ni saba, nimesema. Mwenye sherehe akamshika bega aliyeumia akamwambia, "Pole kijana. Lakini una talanta, usiiache." Boda ya kwenda hospitali, eksirei na dawa zilikula elfu mbili na mia nne. Tulichanga wenyewe.

Siku hiyo hiyo mwenye hema alilipwa. Nilimwona akihesabu. Mwenye spika alilipwa. Waliopika walilipwa, na walistahili, pilau ilikuwa tamu kwa harufu. Mwenye viti vya plastiki alilipwa, tena akaongezewa pesa ya viti viwili vilivyovunjika. Hebu fikiria hiyo hesabu. Kiti kikivunjika kinalipiwa. Dansa akiteguka anaambiwa ana talanta.

Nilipofika nyumbani mathee aliniuliza walitupa nini. Nikamwambia watu walifurahi sana, walisema tuna talanta. Mathee huuza mandazi sokoni, huamka saa kumi usiku. Akaniangalia kidogo, akasema, "Na mimi nikipika mandazi mazuri, mtu aniambie nina talanta halafu aende nayo?"

Sikuwa na jibu. Hii yote unayosoma ndiyo nilipaswa kumjibu usiku ule.

Wapenda maandiko watakuja na Mathayo 25, ule mfano wa talanta. Karibuni. Lakini someni vizuri. Talanta kwenye ule mfano haikuwa kipaji cha kuimba. Ilikuwa pesa. Kipimo cha fedha, nyingi kiasi kwamba kibarua wa siku hizo angefanya kazi karibu miaka 20 kuipata moja. Kwa hivyo mheshimiwa, ukitaka kuniita talanta, niite na hesabu yake.

Hapa Ikolomani kuna vijana wanaoingia kwenye mashimo kutafuta dhahabu. Sijawahi kusikia mtu akimwambia mchimbaji kwamba ana talanta ya kuchimba. Tunajua ni kazi kwa sababu tunaona jasho na udongo. Dansa naye anatoa jasho, ila analitoa mahali hamko. Analitoa Jumanne jioni kwenye veranda ya duka lililofungwa, kwa sababu pale saruji ni laini na mwenye duka ni muungwana. Nyinyi mnaona dakika tano. Mnafikiri dakika tano ndiyo kazi yote.

Wacha niwaambie ilivyo, maana mimi ndiye ushahidi kwamba talanta ni hadithi tu.

Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili. Mtaani wanasema densi ndiyo ilinitoa. Karo ndiyo ilinitoa. Densi ilinikuta nikiwa nyumbani tayari, nina miaka 20, nalala mchana na kukesha na simu, nakwepa kupita stendi ili watu wasiniulize nitarudi lini. Nilijiunga na kundi kwa sababu lilikuwa kitu pekee karibu nami ambacho hakikuuliza karo. Na nilikuwa mgumu kama mwiko wa ugali. Sitanii. Kiongozi wetu ni dada mmoja, fundi wa kushona. Aliniangalia nikijaribu kucheza, akazima muziki. Akasema, "Wewe kwanza tutakufunza kuhesabu."

Wiki tatu sikucheza chochote. Nilihesabu. Moja hadi nane, moja hadi nane, kichwa kikienda, mguu ukienda, mpaka nikawa nahesabu nikipiga mswaki. Kisha ikaja ile stepu ya kuzunguka chini kwa mikono na miguu, siksi-stepu, ambayo mtoto wa darasa la sita pale kundini alikuwa anaipiga akila muwa. Ilinichukua miezi miwili. Windimili, ile ya kuzungukia mabega miguu ikipasua hewa, miezi saba. Miezi saba ya kulala upande mmoja kwa sababu bega la pili limechubuka. Nimechanika suruali ngapi, dada wa cherehani ndiye anajua, yeye ndiye amezishona.

Halafu kuna mambo ambayo hayaonekani hata ukiangalia kwa makini. Nilijifunza kufika mapema, kwa sababu ukichelewa unatozwa mbao na inaandikwa kwenye daftari. Nilijifunza kudaka mtu. Mwenzako akirushwa juu, lazima uwe pale chini hata kama asubuhi mlikosana, na lazima yeye aruke akijua utakuwa pale. Chuoni sikuwahi kuaminiwa hivyo na mtu yeyote. Nilijifunza kunyamaza nikikosolewa, jambo ambalo wanaonijua watakubali ni muujiza. Na nilijifunza kumfunza mwingine. Hiyo ndiyo ilinikomaza kabisa, kwa sababu huwezi kumweleza mtu stepu ambayo wewe mwenyewe umeibahatisha.

Sasa linganisha. Kuna kijana alikuja kwetu mwaka jana, huyo kweli alizaliwa nayo. Stepu ya miezi yangu miwili aliimeza jioni moja. Kila mtu akamwambia ana talanta, na mimi nikiwa mmoja wao. Akaamini. Akaanza kukosa mazoezi, akawa anakuja tu siku za maonyesho, anasimama mbele. Siku tulipobadilisha mpangilio hakujua aende wapi, akagongana na msichana wetu mmoja mbele za watu. Hakurudi tena. Mimi simlaumu sana. Tulimwambia ana kitu kisichohitaji kazi, akatusikiliza.

Hapo ndipo neno hili linaniudhi mara mbili. Kwa anayetuita, talanta inamaanisha haikutugharimu chochote, basi soda inatosha. Kwetu sisi, inamaanisha hatuhitaji mazoezi, na pia hatuna haki ya kudai kitu, maana utadaije pesa ya kitu ulichopewa bure na Mungu? Madansa wangapi nimewasikia wakisema, "Sisi tunafanya kwa mapenzi tu"? Sawa, mapenzi. Daktari pia anaweza kuipenda kazi yake, na mwisho wa mwezi anapanga foleni benki.

Na mimi si malaika kwenye hii stori. Ile siku ya turubai nilikuwa nimeweka simu inarekodi. Usiku nikakaa nikatengeneza klipu, na nikaikata sekunde mbili kabla mwenzetu hajaanguka. Ikatoka safi. Imetazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Watu wameandika moto, moto, talanta, talanta. Wengine wameuliza tunafanyaje ionekane rahisi hivyo. Inaonekana rahisi kwa sababu nilikata mahali palipokuwa pagumu. Nimefanya hivyo miaka mitatu, nakata jasho, nakata kuanguka, nawapa nyinyi ile sehemu tamu tu, halafu nashangaa mnapodhani ni bure. Klipu nzima nitaiweka wiki hii, mwenzetu amekubali.

Wengi wenu brekidansi mliijua mwaka 2024, ilipoingia Olimpiki ya Paris, na mliijua kwa kumcheka yule mama wa Australia aliyetoka bila kura hata moja. Mlicheka, sawa, hata mimi nilicheka. Lakini wangapi walimtazama Ami wa Japani au Phil Wizard wa Kanada, waliobeba dhahabu? Majaji pale walikuwa na vigezo 5: ufundi, wingi wa stepu unazozijua, unavyozitekeleza, unavyousikia muziki, na upekee wako. Talanta haimo. Kila kigezo pale ni kitu unachoweza kwenda kukifanyia kazi Jumanne jioni. Kenya haikuwa na mtu kwenye ile sakafu, na tukiendelea kulipana soda sioni atatoka wapi.

Na msiniambie kudai pesa ni kuharibu utamaduni wa hip hop. Ile pati inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop, Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, DJ Kool Herc akiwa kwenye mashine, iliandaliwa na dada yake, Cindy Campbell, aliyetaka pesa za kununua nguo za shule. Kulikuwa na kiingilio. Wasichana senti 25, wavulana 50. Hip hop ilizaliwa mlangoni kuna mtu anashika pesa.

Upande mwingine kuna wazee wetu wanaosema sisi na hizi ngoma za Wamarekani ndio tunaua isukuti. Hili linaniuma, kwa sababu mimi ni Mwidakho, na isukuti ndiyo densi ya kwanza niliyoona nikiwa nimebebwa mgongoni. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swala, njuga, mmoja anaongoza na wengine wanaitikia, wanaume safu yao na wanawake yao. Nikikaa nikaitazama sasa, ile ni kruu. Kuna kiongozi, kuna mpangilio, kuna mtu anayejua lini aingie na lini atoke. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sababu zilitajwa. Wachezaji wengi ni wazee na hawana warithi, pesa na vifaa vya kutengeneza ngoma na mavazi hakuna, na watazamaji wanapendelea burudani za kisasa. Ile sababu ya tatu ndiyo tunasomewa kila siku. Ile ya pesa watu huiruka kama dimbwi.

Mzee mmoja mpiga ngoma alikubali kutufunza mdundo wake tuuchanganye na hip hop. Nilimuuliza analipwaje akiitwa matangani. Akacheka. Akasema wakati mwingine ni pesa kidogo, wakati mwingine ni chakula, na mara nyingi ni kuambiwa ana kipawa. Ngozi ya ngoma ikipasuka ni juu yake. Mzee ana wajukuu wanne wavulana, hakuna hata mmoja anayegusa ngoma. Mnasema ni kwa sababu ya hip hop. Mimi naona wajukuu wana macho. Wamemwona babu akirudi nyumbani asubuhi na mkono umevimba na mfukoni hamna kitu.

Basi sisi tumeandika masharti yetu, ukurasa mmoja, kwa mkono. Watu saba, dakika kumi na tano, elfu nane. Nusu inaingia kabla hatujatoka nyumbani, kama mwenye hema. Jukwaa kavu. Mtu akiumia jukwaani, aliyetuita anatibu. Matanga ya jirani ni bure, hiyo ni ujirani na haina mjadala. Finje ya kila mazoezi inaendelea kuingia kwenye daftari. Na vikundi vingine vya huku, mkikubali soda mnatuua na sisi. Tuongee, tuwe na bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani. Watu wa boda wana chama. Watu wa mandazi wanajua bei ya soko. Sisi tuna nini?

Jana yule yule wa turubai amepiga simu. Ana shughuli nyingine Desemba. Nikamtumia picha ya ule ukurasa. Amejibu, "Kumbe siku hizi mmekuwa wakubwa? Si nyinyi ni vijana wetu?"

Dada amesema nisijibu kitu mpaka nusu iingie kwa M-Pesa. Kwa hivyo sijajibu. Mazoezi ni Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni, verandani. Mwenzetu wa kifundo bado hawezi kuruka, lakini anakuja. Anaketi kwenye kreti ya soda, anatuhesabia moja hadi nane.