Mtihani usichapwe machoni pa watahiniwa

Shule nyingi siku hizi huweka kazi zao katika seva moja. Mwalimu huifikia akiwa afisini au nyumbani, akazikuta faili zake zote kwenye kompyuta aliyoikalia. Utaratibu huo ni mwema. Hata hivyo, lipo jambo ambalo wakuu wa shule wamelipuuza, nalo ni printa.

Nionavyo mimi, suala la nani aione printa ipi si la fundi peke yake. Ni suala la usimamizi, na la uaminifu wa mitihani yetu.

Mtu aingiapo kwenye seva kutoka mbali, huweza kukuta printa za aina mbili. Kuna ile iliyoungwa kwenye kompyuta yake, ambayo humfuata kwenye seva na kutoweka atokapo. Kisha kuna printa za shule, ambazo fundi ndiye huamua zimfikie nani. Penye uzembe, kila mtu hupewa zote. Mwalimu huona orodha ya printa saba au nane zenye majina ya kiwandani, yasiyomwambia lolote kuhusu chumba zilimo.

Katika shule moja niliyopata kufundisha, mwalimu aliyekuwa nyumbani alituma mtihani wa Kidato cha Tatu uchapwe. Karatasi zikatokea katika chumba cha kompyuta, wanafunzi wakiwamo! Ilibidi mtihani utungwe upya usiku huo, na mwalimu akaandikiwa barua ya onyo. Je, kosa lilikuwa lake? La hasha. Alichagua jina moja kati ya majina aliyopewa. Aliyestahili kuulizwa ni yule aliyeiweka printa ya wanafunzi mbele ya mtunga mtihani.

Wako watakaosema kwamba vizuizi huwachelewesha walimu. Hoja hiyo ina uzito. Mwalimu akizuiwa kila hatua, ataubeba mtihani hadi duka la mtaani, na hatari itazidi. Kwa hivyo sipendekezi kufunga milango, bali kupanga. Kila idara ipewe printa iliyo karibu nayo. Kila printa iitwe kwa jina la chumba chake. Mitihani ichapwe katika chumba kinachofungwa, kwa mashine isiyotoa karatasi mpaka mwenye kazi aingize nambari yake ya siri.

Isitoshe, usalama wa seva yenyewe umo hatarini. Mwaka 2021 iligunduliwa kasoro katika huduma ya uchapaji ya Windows, ikaitwa PrintNightmare, ambayo ingemwezesha mdukuzi kuitawala seva. Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura mwezi Julai, na mwezi Agosti ikaagiza kwamba, kwa kawaida, wasimamizi pekee ndio waweke programu za kuendeshea printa. Agizo hilo halimnyimi mwalimu haki yake. Tangu Windows Server 2008, seva huweza kuitumia printa ya mwalimu bila kuwekewa programu ya kila aina ya printa.

Walimu wakuu, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji siku chache za likizo, orodha ya vyumba, na fundi aliyeambiwa waziwazi linalotakiwa. Ufa tunauona, tusingoje kujenga ukuta.