MAZUNGUMZO YA JIONI: Mtoto Asomaye na Wazee Wasikiao



Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi habari za Kiingereza wanachojifunza watoto wetu katika shule za sekondari, maana wazazi wengi wa Nachingwea na Ruangwa huniuliza neno moja: "Mwanetu amekaa miaka mitatu shuleni, mbona Kiingereza hakimtoki?" Nitajibu kwa kisa nilichokiona mwenyewe, ambacho ndani yake kosa la kwanza lilikuwa langu.

Katika mwezi wa Juni, watu walipokuwa wakikung'uta ufuta, nilifika jioni katika nyumba moja ya Wakristo, kando ya njia itokayo Nachingwea kwenda Ruangwa. Binti wa nyumba ile, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, alikuwa amerudi likizo na karatasi ya alama zake, na alama ya Kiingereza ilikuwa ya chini sana. Mjomba wake alikuwapo. Nanyi mwajua ya kuwa kwa desturi ya Wamwera neno la mjomba ni zito katika mambo ya mpwa wake. Akaniambia, "Mwalimu, mtoto huyu hana akili ya kitabu. Yuko mtu amekwisha kuleta posa. Afadhali aolewe." Mama yake alikuwa akipepeta unga, asijibu neno.

Nikamkumbusha mjomba ya kuwa tangu mwaka 2016 sheria yakataza kumwoza mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Akajibu, "Akiacha shule si mwanafunzi tena." Basi nikamwita binti, nikamwuliza kwa Kiingereza anasoma kitabu gani. Akainama, akanyamaza. Nikauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba alikuwa kiziwi; akazidi kunyamaza. Moyoni nikasema, Huenda mjomba asema kweli.

Ndipo bibi yake, mzee asiyejua kusoma hata jina lake mwenyewe, akasema, "Mbona mimi hunisimulia kitabu chake kila usiku? Mwulizeni yule msichana wa kitabuni alifanya nini."

Binti akaketi karibu na bibi yake, akaanza, mara kwa Kimwera, mara kwa Kiswahili. Kitabu chake kilikuwa Three Suitors: One Husband, yaani Wachumba Watatu, Mume Mmoja, mchezo ulioandikwa na Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, nao umesomwa miaka mingi katika sekondari zetu. Akatusimulia habari za Juliette, aliyerudi kijijini kwao kutoka shuleni akakuta jamaa zake wamekwisha kupokea faranga 100,000 kwa mkulima mmoja kijana, kisha wakapokea 200,000 kwa mtumishi wa serikali, wala yeye mwenyewe hakuulizwa. Binti akaigiza sauti za wazee wa mchezo ule, mmoja mmoja, nasi tukacheka sana. Lakini alipofika mahali Juliette anapowauliza jamaa zake kwa nini hawakumtaka shauri, kicheko kikakoma. Mjomba akautazama moto.

Nami niliona haya. Binti yule hakukosa akili. Alikosa njia ya kuyatoa kwa Kiingereza yale aliyokwisha kuyafahamu. Watoto wetu katika shule za serikali husoma miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Wafikapo Kidato cha Kwanza, jiografia, hesabu na elimu ya viumbe, yote hugeuka kuwa Kiingereza. Mtoto huwa kama mtu aliyevushwa mto usiku: ng'ambo amefika, walakini njia haioni. Kwa hofu ya kuchekwa hunyamaza, na kwa hofu ya mtihani hukariri. Na mwenye kukariri aweza kuandika maneno mazuri asiyoyajua maana. Filipo alipomkuta yule Mwethiopia garini akisoma kitabu cha Isaya, hakumwuliza kama asoma kwa ufasaha, bali kama afahamu. Ndilo swali la kwanza kwa kila asomaye.

Wala njia ya kusimulia si mpya. Askofu Edward Steere, ambaye mwaka 1876 aliwaleta hata Masasi watu waliokombolewa utumwani, alifika Unguja mwaka 1864. Huko alisikiliza hadithi za watu wa Unguja, akaziandika, nazo zikachapishwa London mwaka 1870. Mgeni alizidi kuijua lugha yetu kwa hadithi. Nasi twaweza kuijua lugha ya wageni kwa njia iyo hiyo. Mwalimu Nyerere naye alikifahamu Kiingereza cha Shakespeare hata akaweza kuwapa watu wake mchezo wa Julius Caesar kwa Kiswahili, katika tafsiri iliyotoka mwaka 1963. Hakuisahau lugha ya nyumbani kwa kuijua ile ya kitabu.

Basi nawausia wazazi mambo matatu.

Kwanza, mtoto awapo nyumbani, kila jioni awasimulie kwa lugha ya nyumbani yale aliyoyasoma. Msiseme, "Sisi hatujui Kiingereza." Hamtakiwi kukijua, mwatakiwa kusikiliza na kuuliza: Ni nani huyo? Kwa nini alifanya hivyo? Ikawaje baadaye? Asipoweza kujibu, arudi kitabuni, maana bado hajasoma.

Pili, akisha kusimulia, aandike sentensi tano za habari ile kwa Kiingereza chake mwenyewe, asinakili, na shule ifunguliwapo ampe mwalimu azisahihishe. Kusimulia peke yake ni nusu ya safari. Mtihani wa Kidato cha Nne hauulizi kwa Kimwera, na masomo karibu yote hujibiwa kwa Kiingereza. Mwenye kufahamu asiyezoea kalamu ataachwa njiani. Sentensi tano zaonekana chache, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, msimcheke akikosea, wala msimwulize kwa ukali kama nilivyouliza mimi. Achekwaye siku moja hunyamaza mwaka mzima.

Na yule binti? Mjomba hakusema neno jioni ile. Alichukua fimbo yake akaenda zake. Siku ya tatu nilisikia ya kuwa posa imerudishwa. Nadhani si sheria yangu iliyomgeuza, bali ni Juliette. Binti amerudi shuleni na daftari la sentensi tano tano. Alama zake zimepanda kidogo tu, na mtihani ungali mbele, basi mwombeeni. Bibi yake amenituma niwaulize walimu wake: kitabu hiki kikiisha, kitafuata kipi? Maana yeye yuko tayari kusikiliza.

Mungu azibariki nyumba zenu, awape watoto wenu ufahamu, nanyi masikio ya subira.