Mbwa-mwitu wa Pori la Kilwa na Liwale

Mwezi huu twanena habari za mnyama ambaye wengi wenu mmelisikia jina lake, walakini wachache mmemwona. Ndiye mbwa-mwitu. Wako wamdhaniao kuwa fisi, na wengine husema ni mbwa wa nyumbani aliyekimbilia porini. Yeye si fisi wala si mbwa wetu. Ana masikio makubwa ya mviringo, miguu mirefu, na mabaka meusi, meupe na ya manjano, wala hapana wawili walio na mabaka sawasawa. Waalimu na wawaulize wanafunzi wao: mbwa wa nyumbani ana vidole vingapi mguu wa mbele? Ni vitano, kimoja kikiwa juu kisichogusa ardhi. Mbwa-mwitu anavyo vinne tu.

Tangu zamani amesemwa vibaya, kwa kuwa kundi lake humfukuza mnyama hata achoke, ndipo humrarua angali hai. Kwa ajili hiyo walinzi wa wanyama katika nchi nyingi za Afrika walimpiga risasi kama mharibifu. Hata Serengeti desturi hiyo ilikoma mwaka 1973 tu. Kwa maoni yangu alionewa, maana atazamaye mambo ya jamaa yake atastaajabu. Kwa kawaida jike mmoja tu katika kundi huzaa, watoto kumi hivi kwa mara moja, na wote hulea, madume kwa majike. Warudipo kuwinda huwatapikia nyama watoto, na yule aliyebaki kuwalinda pia. Watoto wakisha kufuata kundi, wao ndio hula kwanza, na wakubwa hungoja. Tena, wataalamu waliokuwa Botswana waliandika mwaka 2017 ya kuwa mbwa hao hupiga chafya kabla ya kuondoka: chafya zikiwa nyingi kundi huenda kuwinda, zikiwa chache hulala tena. Mabaraza yetu huchukua muda mrefu zaidi.

Lakini wamebaki wachache. Hesabu ya mwaka 2012 ilionyesha kadiri ya 6,600 wakubwa katika Afrika nzima, na katika hao wazaao ni kama 1,400 tu. Pori la Selous, lililoenea hata wilaya za Kilwa na Liwale, na ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, ni mojawapo ya makao yao makubwa yaliyosalia. Walakini kundi moja lahitaji nchi ya mamia ya kilometa za mraba, nao hawajui mipaka iliyoandikwa na serikali. Hutoka, hupita karibu na mashamba na vijiji, na hapo ndipo wakutanapo na sisi.

Tanzi la waya lililotegewa swala au funo halichagui shingo. Hilo mwalijua. Hatari ya pili yatoka uani petu, nayo ni kichaa cha mbwa. Mwaka 1991 makundi ya mbwa-mwitu katika nyanda za Serengeti yalitoweka, na ugonjwa huo ulikuwa umethibitishwa kati yao. Kundi linalolambana na kulishana kinywa kwa kinywa laweza kwisha lote kwa mgonjwa mmoja. Huku kwetu Lindi na Mtwara bweha wengi wameonekana na kichaa, lakini wataalamu waliochunguza wameona ya kuwa wauenezao zaidi ni mbwa wa nyumbani. Kwa miaka kadhaa baada ya 2010, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, mbwa wa wilaya nyingi za kusini-mashariki walichanjwa, na ugonjwa ukapungua.

Chanjo ikomapo, kichaa hurudi. Basi mwenye mbwa na amwulize afisa mifugo wa kata yake siku ya chanjo, wala asiwaache nyumbani watoto wa mbwa kwa kudhani ni wadogo mno. Naye aliyeumwa na mbwa au bweha aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona kama mnyama atakufa.