Mdharau Mwiba Mguu Huota Tende

Katika vijiji vya Mlangali, Wilaya ya Ludewa, mkulima hatembei juu ya ardhi tambarare. Shamba liko mteremkoni, maji yako bondeni, na mavuno ya mahindi na viazi hupandishwa kilima kwa kichwa na mgongo. Katika mazingira ya namna hiyo miguu ndiyo chombo cha kwanza cha kazi, kabla hata ya jembe. Ni jambo la kusikitisha basi kwamba mtoto anayechechemea hutazamwa kama mtu aliyekwisha andikiwa hali hiyo. Hupewa jina la utani, na shauri likaishia hapo.

Mawazo hayo hayana budi kupigwa vita. Mguu mmoja kuwa mfupi kuliko mwenzake si laana wala si aibu ya ukoo. Ni hali ya mwili yenye sababu zake, na aghalabu ina msaada wake.

Watu wengi hawana miguu iliyolingana barabara. Tofauti isiyofikia sentimita 1 kwa kawaida haina madhara, na mwenye nayo hana haja ya kuhangaika. Lakini inapofika sentimita 2 na kuendelea, mwili huanza kulipa gharama. Nyonga huinamia upande wa mguu mfupi. Uti wa mgongo nao hujipinda ili kichwa kibaki wima. Mwendo hubadilika: mmoja hukanyaga kwa ncha za vidole vya mguu mfupi, mwingine hukunja goti la mguu mrefu. Kwa njia hiyo kila hatua hudai nguvu zaidi kuliko ile ya mtu mwingine, na kwenye kilima gharama hiyo huzidi. Miaka ikipita, misuli ya kiuno huchoka, na viungo vya nyonga na goti huweza kulika.

Haki inadai isemwe pia kwamba si kila maumivu ya mgongo hutoka miguuni. Mkulima anayeinama kutwa nzima na jembe la mkono, au mama anayebeba kuni, ana sababu nyingine za kuumwa. Ndiyo maana kipimo lazima kitangulie dawa.

Sababu za tofauti hiyo ni nyingi. Zamani polio iliacha watoto wengi na mguu uliokonda na kudumaa, mpaka chanjo ilipofanya kazi yake na mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili akaonekana nchini mwaka 1996. Wako wanaozaliwa nyonga ikiwa imeteguka, na wako ambao mfupa wao uliingia usaha utotoni. Siku hizi ajali za pikipiki zimeongeza sababu nyingine. Paja likivunjika, misuli huvuta vipande vya mfupa vikapandana. Mgonjwa asipovutwa mguu au kupasuliwa hospitalini, mfupa huunga ukiwa mfupi. Anayekimbilia kufungwa vijiti nyumbani kwa kuogopa gharama hununua hasara ya maisha.

Kipimo chenyewe hakihitaji mitambo ya ajabu. Mganga wa zahanati aweza kupima kwa futi ya kamba kutoka mfupa wa mbele wa nyonga hadi kifundo cha ndani cha mguu. Aweza pia kumsimamisha mgonjwa na kuweka vibao chini ya mguu mfupi mpaka nyonga zikae sawa, kisha akapima unene wa vibao hivyo. Kwa watu wengi wenye tofauti ya wastani, tiba ni soli iliyoongezwa unene kidogo kidogo kwa ushauri wa mganga. Fundi viatu anayejua kukata tairi na kushona makatambuga hashindwi na kazi hiyo.

Tofauti kubwa hutaka wataalamu. Tangu miaka ya 1950, daktari Gavriil Ilizarov wa Kurgan, katika Siberia, alionyesha kwamba mfupa waweza kurefushwa taratibu, takriban milimita 1 kwa siku. Kwa mtoto kuna njia nyepesi zaidi, nayo ni kuzuia ukuaji wa mguu mrefu ili mfupi uufikie. Lakini njia hiyo hufaa wakati mifupa ingali inakua tu. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyefichwa ndani mpaka akapevuka amekwisha nyimwa nafasi hiyo.

Taifa halikuanzia sifuri katika jambo hili. Tangu mwaka 1981 mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo hufundishwa Moshi, katika Hospitali ya KCMC. Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria mwaka 1996, na mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Hata hivyo, Muhimbili iko zaidi ya kilomita 700 kutoka Mlangali. Kwa hiyo linalowezekana kijijini lifanywe kijijini, na safari ndefu iachiwe yule anayeihitaji kweli.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kwa maelfu kando ya redio, wakajifunza na kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Moyo ule unahitajika tena. Mwalimu wa darasa la kwanza atazame mwendo wa watoto wake. Kiongozi wa kijiji ahakikishe kwamba hakuna mtoto anayefichwa. Halmashauri nazo ziwakutanishe waganga na mafundi viatu.

Soli ya sentimita 2 si anasa. Kwa mtoto wa mkulima anayepanda kilima kwenda shule kila asubuhi, ni haki yake ya kusimama wima.