Kifaa na Kishike, Mkono Uongoze

Mwezi huu yafaa tuseme habari za mikono ya wazee wetu. Hapa Mwakitolyo, katika mkoa wa Shinyanga, mikono ndiyo shamba na ndiyo duka la watu wengi: huponda mawe ya dhahabu, hulima pamba na mpunga, hushona nguo na viatu. Baridi yabisi ikiingia vidoleni, mwenyewe huona njia mbili tu: ama aache kazi awe mtu wa kulishwa, ama aendelee kwa kuuma meno hata viungo viharibike. Walakini iko njia ya tatu, nayo ni kuchagua vifaa kwa akili.

Kwanza natoa mfano wa kazi ya mbali kidogo, maana inafundisha waziwazi. Mwaka 1905 samaki aitwaye trauti aliletwa Kenya kutoka Skotilandi, akatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Samaki huyu huvuliwa kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na uzi ipate kufanana na mdudu. Huko Kenya wako mafundi wanaofunga nzi hao, nao hupelekwa kuuzwa Ulaya na Marekani. Ndoana nyingine hazizidi punje ya mchele. Basi fundi haishiki ndoana kwa vidole, bali huibana katika jiriwa, na mikono yote miwili ikabaki huru kwa uzi na manyoya. Jiriwa hushika, mkono huongoza.

Fundi wa namna hii akiwa na vidole vinavyouma, yampasa atazame mambo manne. Kwanza, jiriwa lifungwe kwa wenzo unaosukumwa kwa kiganja, si kwa parafujo ndogo ya kusokotwa kwa ncha za vidole, maana kubana sana kwa kidole gumba na cha shahada huumiza viungo. Pili, liwe zito au lifungwe imara mezani, lisihitaji kushikiliwa. Na likiweza kuzunguka, kazi hugeuka badala ya kifundo cha mkono. Tatu, mkasi uwe na matundu mapana na springi ya kuufungua wenyewe. Nne, meza iwe ya kimo cha kuegemezea mikono.

Sasa turudi nyumbani, maana sheria ni ile ile. Mama anayeponda mawe hushika jiwe kwa mkono mmoja na nyundo kwa mwingine, na mikono yote miwili huchoka. Afadhali jiwe liwekwe ndani ya pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, lisiruke; pete hiyo ndiyo jiriwa lake, tena huviepusha vidole na nyundo. Mpini mwembamba hulazimisha ngumi kukazwa. Uzungushiwe mpira wa ndani wa baiskeli hata unenepe, usiteleze, ushikike bila kukaza. Jembe au panga la kunolewa libanwe kwanza, kisha tupa ishikwe kwa mikono miwili. Mshonaji achague sindano yenye tundu kubwa, na kitambaa kizito akiache kwa cherehani.

Hata kifaa chema hakiwezi kuondoa ugonjwa. Mkono upumzishwe kidogo kabla haujachoka kabisa, na maji ya uvuguvugu hulegeza vidole vilivyokakamaa. Lakini viungo vya mikono yote miwili vikivimba, na ugumu wa asubuhi ukipita saa nzima siku baada ya siku, mgonjwa aende hospitali mapema. Iko baridi yabisi inayokula viungo, nayo huzuiliwa vema zaidi ikitibiwa mwanzoni. Wala asizoee vidonge vya maumivu vya dukani bila shauri la mganga wa hospitali, maana vingine vikinywewa kwa muda mrefu hudhuru tumbo na figo.

Enyi watoto na wajukuu, msimnunulie mzee kifaa kwa macho yenu. Mchukueni dukani, akishike mwenyewe, akifunge na kukifungua mara kumi. Vidole vikimuuma kabla ya kufika kumi, kirudisheni, hata kama ni cha bei nafuu. Nanyi walimu, katika saa ya kazi za mikono wafundisheni wanafunzi kuchonga mipini minene na kukata pete za tairi, kisha wapeleke kwa wazee wa jirani. Mzee anayeweza kufanya kazi yake bado ana neno la kusema nyumbani, na watoto wanaoketi karibu naye bado wana fundi wa kuwafundisha.